Tupeane uzoefu: umerithi gari la mzee limeliwa na kutu, ulilifufuaje?

Kifungua Mimba
Wakuu, habari za jioni. Jana nimefungua boneti ya Peugeot 504 ya marehemu baba kwa mara ya kwanza tangu tumzike, nikaifunga tena. Nimeona nije hapa kabla sijashika spana.

Gari ni la mwaka 1979. Limelala chini ya mwembe Muheza miaka 17. Sakafu upande wa dereva imekwisha, ukikanyaga klachi unaona majani. Mlango wa nyuma kulia umeganda. Buti imekuwa nyumba ya kuku, nimekuta maganda ya mayai mpaka chini ya tairi la akiba. Kwenye kidroo cha dashibodi kuna kitana, risiti za petroli zimefungwa kwa mpira, na kadi ya gari, haijaloa hata kidogo. Baba alikuwa mtu wa utaratibu.

Ndugu zangu wote wameridhia nilichukue. Mama ana sharti moja: likitoka pale litoke linatembea lenyewe, hataki kuona gari la mumewe likiburutwa kwa kamba mbele ya majirani. Naomba uzoefu wa waliopitia. Wa kuniambia niuze chuma chakavu nimeshawasikia msibani.

Fundi Mstaafu
Pole kwa msiba, kijana wangu. Chonde chonde, usifunge betri ukapiga stata. Injini iliyolala miaka hiyo, ringi za pistoni zinashikana na silinda kwa kutu, na stata itazivunja kabla hujasikia chochote. Toa plagi zote nne, kila tundu mimina dizeli iliyochanganywa na oili ya giaboksi ya otomatiki, vijiko viwili vya chakula. Acha wiki. Ongeza. Kisha shika nati ya krenki, ule mhimili mkuu wa injini, kwa spana, jaribu mbele na nyuma taratibu. Ikigoma usiongeze bomba kwenye spana, ongeza siku.

Halafu 504 silivu zake, yale mabomba ambamo pistoni hupanda na kushuka, zinazungukwa na maji. Vuta kijiti cha oili kwanza. Ukiona oili nyeupe kama chai ya maziwa, maji yamepita chini ya silivu, injini inafunguliwa, hakuna mjadala. Petroli ya zamani mwaga yote. Ikinuka kama rangi ya mlango, ujue na kabureta imejaa gundi.

Mama Kulwa
Kwetu ilikuwa Datsun 120Y, na badala ya kuku ni mbuzi. Umenikumbusha mbali.

Kijana wa Grogan
Pole sana ndugu. Usikate tamaa na spea, hapa Kenya 504 ziliunganishwa Mombasa mpaka miaka ya 2000, kwa hivyo Nairobi vipuri bado vinapatikana ukitafuta kwa miguu. Lakini usije na picha kwenye simu. Kuja na kile cha zamani mkononi, ukipime kwa kingine hapo dukani, kwa sababu watakupa cha Peugeot 505 na waape ni sawa.

Mzee wangu alinunua yake baada ya Ove Andersson kushinda Safari Rally 1975 na 504. 1978 ikashinda tena, Jean-Pierre Nicolas. Hadi leo ukimtajia gari ingine anakuangalia tu.

Mtu wa Upanga
Na kabla yao Bert Shankland wa Tanzania, 1966 na 1967, kwa 404. Msitusahau.

Binti wa Mwalimu
Mimi niseme la rangi, kwa sababu ndilo lililoniliza.

Baba alikuwa mwalimu Moshi, akaniachia Volkswagen ya kobe. Nilikusanya pesa miaka miwili, nikalipeleka kwa fundi wa bodi niliyeelekezwa na watu wa kanisani. Nikamwambia nataka kutu yote ikatwe, bati jipya lichomelewe. Baada ya miezi mitatu akaniita. Jamani, liling'aa! Nililia pale pale gereji. Nikampigia mama simu ya video, naye akalia.

Masika ya kwanza likaanza kutoa vilengelenge chini ya mlango, kama mtu aliyeungua na mafuta. Nikabonyeza kimoja kwa kidole gumba, kidole kikazama. Nikachukua kisu cha jikoni nikakwangua. Puti, ule udongo wa kuziba bati kabla ya rangi, unene wa vidole viwili. Nyuma ya puti nikavuta karatasi, gazeti limekunjwakunjwa, habari za michezo zinasomeka kabisa. Hakuchomelea hata kipande kimoja. Alijaza gazeti, akasiriba puti, akapiga rangi. Nilikaa chini kwenye matope na lile gazeti mkononi sijui nifanye nini.

Kwa hiyo ndugu yangu mwenye 504: nunua sumaku ndogo, ifunge kwenye kitambaa, pita nayo bodi nzima. Penye bati itanasa. Isiponasa pana puti. Fanya hivyo kabla hujalipa, na fika gereji siku ambayo hawakutegemei. Kazi yangu nimeirudia upya kwa fundi mwingine, nasimama naye akikata.

Mama Kulwa
Gazeti!! Mungu anamwona.

Mwana Kitonga
Hili sijawahi kuliandika popote, ila nikiona mtu anaulizia gari lililolala siwezi kunyamaza.

Land Rover 109 ya babu, Series III, tuliifufua Iringa mwaka 2014, mimi na baba mdogo. Bodi ya Land Rover ni aluminiamu, kwa hiyo ukiitazama unadhani ni nzima. Inayooza ni chesisi, na pale aluminiamu inapogusana na chuma pananyauka na kutoa unga mweupe. Tulichomelea chesisi miezi minne. Tukapiga rangi ileile ya kijani. Brekishu zote mpya. Paipu za breki na maji yake hatukugusa, kwa sababu pedali ilikuwa ngumu, nzuri.

Tukaondoka kuipeleka Dar. Shangazi nyuma, na magunia mawili ya viazi. Tunashuka Kitonga, mbele yetu semi inatambaa. Nakanyaga breki, inashika. Nakanyaga tena, inashika. Nikaanza kusikia harufu ya brekishu. Kona inayofuata pedali ikaenda mpaka sakafuni, laini kama unakanyaga godoro. Nikapampu. Hakuna kitu.

Baba mdogo hakupiga kelele. Alisema "tatu." Nikaingiza gia ya tatu. "Mbili." Injini ikalia, sijawahi kusikia chuma kikilia vile. Shangazi nyuma anasema Mwokozi, Mwokozi, bila kupumzika. Breki ya mkono ya gari hizi haishiki magurudumu, ina ngoma yake nyuma ya giaboksi, inabana shafti, wala haitumii maji. Baba mdogo akaishika yeye, akawa anavuta na kuachia, anavuta na kuachia, moshi unapanda kwenye sakafu kati ya miguu yetu. Nami nikalielekeza kwenye ukingo wa udongo, likajisugua, likajisugua, likasimama. Semi ilikuwa mbele yetu hatua kama kumi. Gunia moja la viazi lilipasuka, viazi vikaendelea kuteremka barabarani sisi tumesimama.

Tulipofungua, maji ya breki yalikuwa meusi kama kahawa. Maji yale hunyonya unyevu wa hewani. Yakikaa miaka, ngoma zikipata moto yanachemka, mvuke unajaa kwenye paipu, na mvuke ukiukanyaga unabonyea tu. Pedali ngumu ukiwa gereji haikuambii chochote.

Ndugu, breki kwanza. Masta silinda, paipu za raba, maji, vyote vipya, kabla ya rangi, kabla ya sakafu, kabla ya kila kitu.

Kijana wa Grogan
Nimesoma nikiwa nimeshika meza.

Mama Kulwa
Shangazi yuko wapi sasa?

Mwana Kitonga
Yupo, mzima. Siku ile alipanda basi, na gari lile hajalipanda tena.

Nguvu ya 3L
Ndiyo maana nasema siku zote, Land Rover ya urithi itie injini ya Toyota 3L na giaboksi yake, ulale usingizi.

Mwana Series
Zimekataa breki, wewe unaleta injini? Na ukishatia 3L hilo si gari la babu tena. Umebaki na maboksi ya bati yenye jina lake.

Nguvu ya 3L
Babu angekuwa hai angetaka gari linalofika. La baba yangu nimelitia tangu 2009, linapanda Haydom kila mwezi na mbolea. La kwako si bado liko juu ya mawe?

Mwana Series
Liko juu ya mawe kwa sababu nalitafutia giaboksi yake halali. Nitangoja.

Fundi Mstaafu
Wanangu, kijana ana 504. Na atakayebadili injini asisahau kwamba namba yake imo kwenye kadi, nayo lazima ibadilishwe. Nimeona watu wakisumbuliwa barabarani kwa hilo.

Mwalimu wa Kemia
Kuhusu kutu ya vipuri vidogo, bawaba, mabano, nati: tumia magadi na chaja ya betri. Ndoo ya plastiki, maji, magadi vijiko vichache. Kifaa chenye kutu funga waya wa hasi, kipande cha chuma cha kawaida funga chanya, visigusane. Asubuhi kutu inatoka kwa brashi kama masizi. Ukigeuza waya utakila kifaa chako badala ya kutu. Usitumie chuma kisichoshika kutu (stenlesi) upande wa chanya, kinatoa sumu kwenye maji. Fanyia nje, ile hewa inayotoka inawaka.

Mpemba wa Wete
Sisi ndimu na chumvi, unalaza usiku kucha. Na chini ya gari unapiga oili chafu, upepo wa bahari hauligusi.

Binti wa Mwalimu
Oili chafu inakula raba zote za chini, bushi zinavimba. Usimpoteze.

Mpemba wa Wete
Gari ya marehemu baba ina miaka 30 ufukweni, chini haina tundu. Bushi nabadilisha. Chesisi utaibadilisha?

Msimamizi
Kabla ya senti moja kutumika: kikao cha ukoo, muhtasari, mahakama imthibitishe msimamizi wa mirathi, kadi ihamishwe TRA, mamlaka ya mapato. Ndugu walioridhia likiwa kutu si lazima waridhie liking'aa. Yamenikuta, mpaka leo hatusalimiani na mdogo wangu.

Kifungua Mimba
Wakuu, nimerudi, asanteni wote. Kwanza karatasi: nimekwenda kwa baba mkubwa, kikao ni Jumamosi. Msimamizi, nimekusikia, na pole.

Oili kwenye kijiti ni nyeusi, siyo nyeupe. Dizeli nimemimina mara tatu. Siku ya tisa, leo asubuhi, nati ya krenki imesogea robo mzunguko. Nimerudisha, nimepeleka, imesogea tena. Mama alikuwa anapepeta mchele barazani. Hakusema kitu, ila alileta kiti akakaa karibu na gari mpaka adhuhuri, na alipoondoka alinikabidhi ufunguo wa akiba ambao hatukujua kama upo.

Sumaku nimepitisha. Mlango wa dereva hainasi chini ya kitasa, duara kama sahani. Mama anasema baba aliligonga kwenye nguzo mwaka niliozaliwa, akakimbilia hospitali. Nitaliacha vilevile.

Kijana wa Grogan, raba ya kioo cha mbele inapatikana huko? Ya zamani imekatika pembe ya kushoto, lakini naweza kukuletea kipande.