Naomba ushauri: presha 134/86, dawa au kusubiri?

Wakuu, habari za kazi. Mimi ni tabibu wa zahanati ya kijijini, na kumfikia daktari wa moyo ni safari ya siku nzima.

Nina mama wa miaka 52, muuza samaki. Siku tatu tofauti presha yake inacheza kwenye 134/86. Nampumzisha dakika tano, anaegemea kiti, mkanda naufunga kwenye mkono mtupu, si juu ya gauni (hili wengi tunalipuuza, na namba zinapotoka). Hana kisukari wala tatizo la figo au moyo.

Kinachonichanganya ni miongozo. Wa Marekani wa 2017 unahesabu presha kuanzia 130/80. Wa Shirika la Afya Duniani wa 2021 unaanza dawa kwenye 140/90, ila mwenye ugonjwa wa moyo anaanzishwa namba ya juu ikifika 130. Mwenzangu wa zamu ameshamwandikia amlodipini, dawa ya kushusha presha. Mama ameinunua kwa mkopo, na sasa vifundo vya miguu vimevimba, kidole kikibonyeza kinaacha shimo.

Mliozoea kliniki za moyo, nimsimamishie dawa nimkazanie kupunguza chumvi, au nitamponza? Na nimpime tena baada ya muda gani?