Acheni kupongezana kwa ofa za vyuo! Ofa bila pesa ni karatasi

Assalaam alaykum wanabaraza.

Nnaandika nikiwa na hasira, na hasira yenyewe haikuanza leo. Kila ukifika mwezi wa nne, magrupu ya WhatsApp ya Unguja na Pemba yanajaa picha za barua. "Mashaallah, kijana wetu kapata chuo London." "Hongera dada, masta ya sera za umma Marekani!" Dua na maua mia mbili. Mwezi wa tisa ukiingia, kijana yule yule yupo Darajani anagombania daladala, na hakuna hata mmoja anayeuliza imekuwaje.

Imekuwa hivi: ile barua ilikuwa ya udahili. Chuo kimesema njoo, hakikusema nani analipa. Hiyo ni milango miwili, kila mmoja na ufunguo wake, na wanaoendesha semina za "kasome ng'ambo" wanatuonesha mmoja tu kwa sababu ndio rahisi kuufungua.

Tuambizane ukweli kuhusu masta ya sera. Anayesoma uzamivu wa kemia Marekani hulipwa kwa sababu maabara inamhitaji. Masta ya sera haina maabara. Vyuo vinaihesabu fungu moja na masta ya biashara: ama unalipa, ama unakuja na mlipaji wako. Wakikupa punguzo la robo ya ada, robo tatu iliyobaki bado ni nyumba nzima ya Fuoni. Na chuo cha Marekani hakikutolei fomu ya I-20 ya kuombea viza mpaka uoneshe pesa za mwaka wa kwanza. Kuna na hawa wa "Ujerumani ni bure". Bure gani? Vyuo vingi vya serikali kule havitozi ada, kweli, lakini asiye na mfadhili anatakiwa aweke yuro 11,904 kwenye akaunti iliyofungwa, atolewe 992 kila mwezi. Nani hapa anazo zimelala?

Kwa hiyo pesa ya masta hii inatoka kwa serikali za nje na mashirika, na wao wana kalenda yao. Hapo ndipo watu wetu wanapochinjwa. Wanasubiri chuo kijibu kwanza ndio watafute mfadhili, na mfadhili kafunga miezi sita nyuma.

Anayetaka kukaa darasani Septemba ya mwakani aanze Juni ya mwaka huu. Programu ya Helmut Schmidt ya DAAD, shirika la Ujerumani la ufadhili wa masomo, ambayo ni ya sera za umma na utawala bora hasa, hufungwa mwisho wa Julai. Maombi hayapelekwi DAAD. Yanapelekwa moja kwa moja kwenye chuo chenye kozi, kama Willy Brandt School kule Erfurt, na unaruhusiwa kozi mbili tu. Barua ya motisha iwe na sahihi ya mkono, si jina lililochapwa, na shahada yako ya mwisho isizidi miaka sita. Kila mwaka kuna mtu mwenye sifa zote anayepeleka bahasha nzima pasipohusika, kwa sababu tangazo lililosambazwa lilikatwa picha ya ukurasa wa kwanza tu.

Ufadhili wa Chevening, wa serikali ya Uingereza, hufunguliwa Agosti na hufungwa Oktoba au mapema Novemba. Siku ya mwisho imeandikwa 12:00 UTC, yaani saa ya kimataifa. Sikilizeni hapa, kwa sababu kosa hili ni la kwetu Waswahili peke yetu. Mmoja anasoma kumi na mbili, anasema jioni magharibi. Mwengine anasema usiku wa manane, nna muda. UTC iko nyuma yetu saa tatu: 12:00 yao ni saa tisa alasiri hapa Zanzibar. Saa tisa na dakika moja mlango umefungwa, na umeme ukikatika saa nane hakuna wa kumlilia.

Tena Chevening inataka saa 2,800 za kazi. Watu wanaiona namba wanaikimbia. Ni miaka miwili tu: saa 35 kwa wiki, wiki 40 kwa mwaka, mara mbili. Kazi ya kujitolea inahesabiwa. Aliyejitolea asasini saa 20 kwa wiki kwa wiki 50 ana saa 1,000 mkononi na hajui, kwa sababu kaambiwa "kazi ni ya mkataba".

Halafu ule ufadhili wa Japani na Benki ya Dunia, JJ/WBGSP. Huu ndio wenye mtego mbaya kuliko yote. Unataka miaka mitatu ya kazi ya kulipwa ndani ya miaka sita iliyopita, uwe kazini siku unayoomba, na uwe na ofa kamili ya kozi iliyomo kwenye orodha yao, ofa isiyo na sharti lolote isipokuwa la pesa. Mtu anaacha kazi "ajiandae na masomo", na siku aliyotia sahihi ya kuacha kazi ndiyo siku aliyojitoa.

Nije kwa mawakala. Chevening kuomba ni bure. Ufadhili wa Jumuiya ya Madola bure. Türkiye Bursları ya Uturuki, inayofunguliwa Januari hadi Februari kwa waombaji wa masta walio chini ya miaka 30, bure. DAAD bure. Sasa laki kadhaa mnazotozwa ni za nini? Za kunakiliwa insha ya mtu wa mwaka jana! Wasomaji wa insha wanaziona pacha zao na wanazitupa zote mbili.

Ada zipo, lakini ziko kwenye vyuo. Dola 100 za fomu kwao ni maji ya kifuu. Kwa chungu ni bahari. GRE, mtihani unaotakwa na baadhi ya vyuo vya Marekani, peke yake ni dola 220. Msamaha wa ada upo ukiuomba kabla hujatuma, si baada. Lakini vyuo vingine huutoa kwa nchi za kipato cha chini tu, na Benki ya Dunia ilishatupandisha daraja mwaka 2020 kuwa kipato cha kati cha chini. Hongera kwetu. Kwa hiyo usiandike "natoka nchi maskini" ukakaa. Andika mshahara wako kwa mwezi na ada ile ni asilimia ngapi ya mshahara huo.

Majina. Cheti cha skuli: Asha Khamis Juma. Cheti cha chuo: Aisha Khamis J. Pasi: Asha Hamisi Juma. Kwetu hapa huyo ni mtu mmoja, hata sheha anamjua. Kwa kompyuta ya kule ni watu watatu. Kituo cha IELTS, ule mtihani wa Kiingereza, kinafuata pasi herufi kwa herufi. Kagua kuanzia cheti cha kuzaliwa, kabla hujalipa shilingi 150,000 za pasi, na penye tofauti tia kiapo cha majina cha Kiingereza, ukiambatishe kila unapopeleka vyeti.

GPA. Sisi tunahesabu kwa 5.0. Fomu nyingi za Marekani zimetegwa kwenye 4.0. Mtu ana 3.6, daraja la pili la juu, anaandika 3.6 na kuiacha ile 4.0 pale pale. Transkripti ikifika wanaona kajipandisha, na hapo si kosa tena, ni udanganyifu. Andika 3.6, badilisha kipimo kiwe 5.0, usijigeuzie mwenyewe.

Na nyinyi wakubwa maofisini. Barua ya ruhusa ni ukurasa mmoja. Kwa nini inalala wiki tatu mezani, na tangazo la ufadhili unaopita serikalini, kama ule wa KOICA wa Korea, linabandikwa zikiwa zimebaki siku nne? Wahadhiri nao: "andika mwenyewe, nitatia sahihi." Matokeo ni barua inayosema mwanafunzi ni mchapakazi, ana adabu na anawahi darasani. Hiyo ni barua ya kuombea kazi ya ulinzi. Kamati inataka kujua alikuwa wa ngapi kati ya wangapi, aliandika nini, na wapi alikupinga akawa na haki.

Nimemaliza. Anayebisha aje.

BintiChake:
Kaka, umewasahau Pemba. Viza ya Uingereza ya zaidi ya miezi sita inataka cheti cha kipimo cha kifua kikuu, na kipimo ni cha kliniki ya IOM, shirika la kimataifa la uhamiaji, Dar es Salaam, si hospitali yoyote. Cheti kinadumu miezi sita. Ukipima mapema sana kinakufia mkononi, ukichelewa viza inachelewa. Kwa mtu wa Wete hiyo ni boti mpaka Unguja, boti nyengine mpaka Dar, na kusi ikichafua bahari boti hazitoki. Weka siku mbili za akiba kila upande. Alama za vidole za viza nazo ni huko huko Dar, kwa hiyo panga vyote safari moja.

Mzee wa Karafuu:
Mwanangu, umesema kweli, lakini umewapapasa vijana kwenye insha. Kila insha ya kutoka Zanzibar inaanza "nataka kuendeleza uchumi wa buluu". Msomaji kashaiona mara arubaini kabla ya chai. Chukua kitu kimoja ukiweke mezani. Mwani: ule wa aina ya kottonii una bei kuliko wa spinosamu, lakini unakufa maji ya pwani yakipata joto. Dawa ni kupanda kwenye kina. Kina kinataka chombo na kujua kuogelea, na wakulima wengi ni wanawake wasioogelea. Sasa nani apewe boti, kwa masharti gani, na akishindwa kulipa nani anaichukua? Hiyo ndiyo sera. Au karafuu: mnunuzi halali ni mmoja, ZSTC, shirika la biashara la serikali. Mkulima anapata nini na anapoteza nini kwa hilo? Ukiuliza hivyo kwenye aya ya kwanza, msomaji anavuta kiti. Tena useme ukirudi utakaa ofisi ya aina gani, maana Chevening inakutaka urudi nyumbani miaka miwili kamili.

Dogo wa Jang'ombe:
Samahani wakubwa zangu, suali. IELTS lazima? Na Benki ya Kiislamu je?

BintiChake:
Mdogo wangu, Chevening yenyewe haidai, chuo ndicho kinachodai. Baadhi ya vyuo vinakubali barua ya chuo chako kuwa ulifundishwa kwa Kiingereza. Waulize kwa imeili na uyahifadhi majibu. Baadhi ya kozi za sera hutaka alama 7.0, Oxford 7.5, na sehemu inayowaangusha wengi ni ya kuandika. Matokeo yanadumu miaka miwili, usifanye mapema kwa pupa.

Mfungua uzi:
Dogo, Tanzania si mwanachama wa Benki ya Maendeleo ya Kiislamu. Ukiingia, tafuta kipengele cha jamii za Waislamu katika nchi zisizo wanachama. Ukijaza cha wanachama mfumo unakutema. Mikopo ya nje ya wanafunzi ipo pia, lakini ina riba, hilo umalizane na shekhe wako.

Bint, ahsante, la kipimo lilinipita. Mzee wangu, la insha nimelikubali, shikamoo.

Kitu kimoja kwa wote: mhadhiri anayekuandikia barua mwambie atumie imeili ya chuo, si ya binafsi, na siku linki ya kupelekea barua inapotumwa kwake mpigie simu afungue folda ya taka, maana huko ndiko inakolala.

Na yule aliyenifuata faragha kuuliza kama nnajaza fomu kwa malipo: rudi juu, usome tena.