Mrejesho: Vitafunwa vya matunda kwa mtoto wa miezi 9 na dada yake wa miaka 3

Ndugu zangu, nawashukuru nyote mlionijibu nilipouliza namna ya kutengeneza vitafunwa vya matunda visivyo na sukari kwa ajili ya wanangu wawili. Ushauri wa kumenya tufaha, kulikata vipande virefu kama kidole na kuvipika kwa mvuke hadi vibonyee kwa urahisi ndio uliofanikiwa kuliko yote, kwani mdogo huvishika mwenyewe na kuvimung'unya bila kupaliwa. Zabibu ninampa mkubwa tu, nikizipasua kwa urefu mara nne.

Utando wa embe, yaani rojo ya embe iliyotandazwa nyembamba na kukaushwa katika oveni, kwa kweli, haukunikubali: kingo zilikauka zikavunjika ilhali katikati palibaki pananata, hata nilipopunguza moto. Rojo iliyobaki niliigandisha kwenye trei ya barafu, na sasa mkubwa ndiyo anayoidai kila jua linapowaka. Asali, ambayo mmoja wenu aliipendekeza, sikuitia, kwa kuwa haifai kwa mtoto ambaye hajatimiza mwaka kutokana na hatari ya botulizimu, yaani ugonjwa wa sumu ya bakteria unaolegeza misuli. Mwenye mbinu bora ya kukausha embe anieleze, nitaijaribu.