Chiang Mai: Warorot, Muang Mai au barabara ya Jumapili?

Binti Pangani
Ndugu wanajukwaa, tiketi ya kwenda Chiang Mai, kaskazini mwa Thailand, ninayo tayari, na nitakuwa na asubuhi moja ya kutembea sokoni bila haraka. Ninatafuta soko ambalo wenyeji hununua mahitaji yao ya kila siku. Nimetajiwa Warorot, Muang Mai na barabara ya Jumapili, yaani soko la barabarani la kila Jumapili. Mngechagua lipi?

Mzee wa Jahazi
Dada, swali lako halijibiki likiwa hivyo. Asubuhi hiyo ni ya siku gani? Unafuatana na nani? Unakwenda kununua au kutazama? Barabara ya Jumapili hupangwa alasiri, kuanzia lango la Tha Phae na kufuata barabara ya Ratchadamnoen, kwa hiyo asubuhi hutaikuta.

Mpishi wa Mikindani
Warorot. Wenyeji huliita Kad Luang, yaani soko kuu, na chini utakuta matunda makavu, chai, soseji za sai ua zinazonukia mchaichai, na nam prik num, ambayo ni pilipili za kijani zilizochomwa zikatwangwa pamoja na vitunguu saumu. Nguo ziko ghorofani. Kando yake upo uchochoro wa Wahmong, kabila la watu wa milimani, wenye vitambaa vya kutarizi ambavyo binafsi ningeweza kuvitazama kutwa nzima.

Mkulima
Warorot siku hizi lina wageni wengi. Muang Mai, kaskazini kidogo kandokando ya mto Ping, ni soko la jumla: magari hushusha mboga na matunda kabla jua halijachomoza, na wanunuzi ni wenye mikahawa na wachuuzi. Huko ndiko mji unakolishwa.

Mzee wa Jahazi
Sikubaliani na kipimo hicho. Mwenyeji haachi kuwa mwenyeji kwa sababu mgeni amesimama karibu naye. Hata katika barabara ya Jumapili, saa kumi na mbili jioni wimbo wa taifa hupigwa, na umati wote, muuzaji na mnunuzi, husimama kimya hadi umalizike. Hilo halifanywi kwa ajili ya watalii.

Mama Kanga
Ninaongeza onyo kwa anayetaka vitambaa. Katika soko moja la usiku nilinunua mitandio minne niliyoambiwa ni hariri iliyofumwa kwa mkono. Muuzaji alikuwa mpole, akanipunguzia bei mara mbili, nami nikaona aibu kuuliza zaidi. Nyumbani niliuchoma uzi mmoja: hariri halisi hunuka kama nywele zilizoungua na huacha majivu yanayosagika, lakini wangu uliyeyuka, ukatoa harufu ya plastiki na kuacha kitone kigumu. Mitandio miwili nilikuwa nimekwisha kuitoa zawadi kwa mawifi zangu, na mpaka leo jambo hilo linaniuma. Bei ikiwa ndogo mno, ichukue kuwa ni nailoni na uilipe kama nailoni.

Binti Pangani
Samahani kwa kutoeleza mapema. Ni Ijumaa. Ninafuatana na mama yangu, ambaye magoti yanamsumbua, na hatuli nguruwe.

Mpishi wa Mikindani
Basi sai ua iacheni, kwa kuwa kwa kawaida ni ya nguruwe.

Mkulima
Ijumaa inabadilisha kila kitu. Asubuhi hiyo kuna soko la Kad Baan Haw, mkabala na msikiti wa Ban Haw, ambako Waislamu wenye asili ya Yunnan, jimbo la China, na watu wa milimani huuza mboga na vyakula. Jirani hapo mtapata khao soi, tambi katika mchuzi wa nazi na bizari, ya kuku au ng'ombe, iliyo halali.

Mama Kanga
Lakini vitambaa huko ni vichache, na kutoka hapo hadi Warorot mama atahitaji gari jekundu la abiria. Patana nauli kabla ya kupanda.

Binti Pangani
Nimemsomea mama majibu yote, naye ameuliza jambo moja tu: kama asumini inauzwa huko.

Mzee wa Jahazi
Mpe mama shikamoo yangu. Inauzwa Ton Lamyai, soko la maua lililo kando ya Warorot upande wa mtoni, ila hutungwa kuwa vigwe vya kutolea sadaka mbele ya sanamu za Buddha, si vikuba vya kuvaa kama kwetu pwani.

Binti Pangani
Anasema basi tuanzie hapo. Je, tutawahi soko la Ijumaa kabla halijafungwa?