MREJESHO: Floraidi ya kisima, mita yangu inasoma 1.3 mg/L na maabara 1.7

Wakuu, niliuliza kwa nini sampuli moja ya kisima hapa Dodoma inatoa majibu mawili. Aliyesema nilikosa "bafa" (kimiminika cha kuweka sampuli sawa kabla ya kupima) amepatia. Elektrodi, yaani kihisi cha mita, huona floraidi iliyo huru tu. Alumini na chuma huifunga, na chumvi nyingi hushusha usomaji.

Sasa ni mL 25 za sampuli kwa mL 25 za TISAB (ndiyo bafa yenyewe, huachilia floraidi iliyofungwa na kusawazisha chumvi), koroga taratibu kwa sumaku, andika namba ikishatulia. Viwango vya kusawazishia mita (miyeyusho yenye floraidi inayojulikana), 1 na 10 mg/L, navyo vitiwe TISAB kwa uwiano uleule na viwe na joto sawa na sampuli. Hapa ndipo wengi huteleza: wanatia kwenye sampuli, viwango wanaviacha. Tofauti kati ya viwango hivyo iwe milivolti 54 hadi 60; ikipungua, safisha elektrodi. Chupa iwe ya plastiki, si kioo.

Majibu ya mita sasa: 1.7 mg/L kama maabara, juu ya kikomo cha WHO (Shirika la Afya Duniani) cha 1.5. Yaani bila bafa kisima kingepita!

Aliyeuliza wapi pa kutafuta ajira za upimaji huu: jaribu mamlaka za maji, Mkemia Mkuu wa Serikali, NEMC (taasisi ya serikali ya kusimamia mazingira), na kampuni za tathmini ya athari kwa mazingira.