Gemu za mashine za sarafu kwenye PSP ya mtumba, ni zile zile kweli?

mwana_langoni (Lamu)
Asalam aleikum wadau, nna swali la gemu za zamani, wale wa PS5 mtanisamehe. Nataka kitu cha kushika mkononi maana stima ikikatika huku TV ni pambo tu, na nikivuka Mokowe kusubiri basi mtu huchoka kukaa bure. Sasa kuna duka hapa mtaani lauza vile vigemu vidogo vya gemu 400, bei yake hata mtoto wa skuli aweza, halafu kuna jamaa auza PSP, ile PlayStation ya mkononi, ya mtumba na diski tatu, yeye ataka elfu nane.

Ninazotaka ni zile gemu za mashine za sarafu, kabati kubwa za kusimama, tulikuwa twazikuta Mombasa tukienda kwa mjomba. Street Fighter, Pac-Man, Metal Slug. Binamu yangu ana PSP na asema gemu ni ile ile hakuna tofauti, lakini mbona Pac-Man yake naiona imebonyea kama imekaliwa? Na Street Fighter niliyowahi kuiona kwenye Game Boy ya mgeni mmoja ilikuwa aibu wallahi, lakini Tekken 3 ya PlayStation ilikuwa tamu hatari. Kwa nini nyingine zatoka sawa na nyingine zaharibika? Na nichukue ipi?

fundi_redio
Waaleikum salam. Hiyo ya gemu 400 iwache dukani ilipo. Ndani mna gemu za Famicom, mashine ya Nintendo ya zamani ya nyumbani, yaani zile zile za Terminator tulizokuwa twachomeka kwa TV ya chogo, Road Fighter, Circus Charlie, na zingine zajirudia zimebadilishwa jina tu ili hesabu ifike 400. Ukikuta Donkey Kong mle, hiyo ni ya Famicom ya 1983 si ya mashine ya 1981. Ya mashine ina steji nne, ya Famicom ina tatu, ile ya kiwandani yenye mikanda inayotembea haimo. Na hapo ni Nintendo wenyewe waliohamisha gemu yao wenyewe.

Sasa kwa nini. Zamani kuhamisha gemu maana yake ilikuwa kuiandika upya kuanzia sufuri. Mashine ya sarafu ilikuwa na bodi yake kubwa ya bei mbaya, console ya nyumbani ilibidi iuzwe bei ya mzazi kukubali, kwa hivyo haikuwa na nguvu ile. Pac-Man ya Atari 2600 iliyotoka 1982 ndio mfano ambao kila mtu autaja, memori ya Atari ile ni baiti 128, sikukosea, baiti si kilobaiti, na kaseti yenyewe kilobaiti 4. Halafu ilitengenezwa kuchora wachezaji wawili tu kwa raha, sasa wale mazimwi wako wanne, ikabidi wachorwe kwa zamu, huyu akionekana yule hayupo, ndio maana wawaona wamemetameta.

Street Fighter II ya 1991 bodi yake ilikuwa na prosesa ya 68000 ya megahezi 10. Super Nintendo mwaka uliofuata ilikuwa na kama 3.6 hivi. Lakini Capcom, wenye gemu, wakatia kaseti ya megabaiti 2, kubwa sana kwa wakati ule, wakapunguza hapa na pale, na ikatoka nzuri mpaka watu wakanunua console kwa ajili yake. Game Boy sasa, skrini pikseli 160 kwa 144, batani mbili, na gemu yataka sita, ngumi tatu mateke matatu. Ulitarajia nini ndugu yangu.

PSP ni habari nyingine. Mikusanyo mingi ya PSP haikuandika gemu upya, mna emuleta, programu inayojifanya ndiyo bodi ya zamani, halafu gemu yenyewe ya asili ndiyo inayokimbia juu yake. Hapo binamu yako asema kweli. Kubonyea kwa Pac-Man ni skrini. Kwenye kabati TV ilisimamishwa wima, upana pikseli 224 na urefu 288. PSP ni 480 kwa 272. Sasa 288 yaingiaje kwa 272? Yabanwa, mistari mingine yapotea. Mwambie aende kwa mpangilio wa skrini aigeuze, kisha ashike PSP wima, itaenea bila kubanwa. Mkono utachoka kidogo. Street Fighter haina shida hiyo, ile ni 384 kwa 224, yakaa yote na nafasi yabaki.

malindi_kontra
Fundi umeeleza lakini hizo mashine umezipa heshima kupita kiasi bwana. Kwani sawa na ya mashine ndio nzuri? Chukua Contra, ile ya kupiga risasi. Ya mashine ni 1987, skrini wima, nyembamba, waona mbele kidogo tu. Mwaka wa pili Konami wakaifanyia ya nyumbani, steji zikapanuliwa, na hiyo ndiyo sote twaijua, wabonyeza juu juu chini chini kushoto kulia kushoto kulia B A wapewa maisha 30, hapa Malindi kuna watu hawajui namba ya kitambulisho chao lakini hiyo waijua. Nimecheza zote mbili kwa emuleta na ya mashine sikuimaliza, si kwa ugumu, kwa kuboeka.

Na Tekken 3 aliyoiuliza mwenzetu, ile haikuwa sawa na ya mashine. Bodi ya Tekken ya kwanza ya 1994 Namco waliijenga juu ya vifaa vya PlayStation ndio ikawa rahisi kuileta nyumbani, lakini ya tatu mashine ilikuwa imeshaizidi, na 1998 ilipofika PlayStation uwanja wa nyuma ukawa picha bapa ya kuzunguka na wapiganaji wakapunguzwa maumbo. Nani aliona? Hakuna. Tulipewa Gon, yule mpiganaji dinosari mdogo, tukapewa michezo ya pembeni Tekken Ball na Tekken Force, vitu ambavyo kwa mashine havikuwepo. Mimi napima gemu kwa raha yake.

fundi_redio
Kwa Contra nakupa. Lakini yeye ameuliza za kwenye kabati, hakuuliza raha yako.

binti_shela
Nyinyi mtabishana mpaka alfajiri na mtu ataka kununua. Kaka, chukua PSP lakini kwanza fungua kifuniko cha nyuma utizame betri, ikiwa imevimba hata kidogo itoe, usiichaji. Halafu batani zijaribu zote, hewa yetu hii ya chumvi yala kontakti, L na R ndizo huanza kufa, na kwa Street Fighter utazihitaji kwa sababu batani za mbele ni nne tu, ngumi nzito na teke zito lazima ziende juu huko. Ikiwa zashika shika si mwisho wa dunia, fundi azisafisha kwa spiriti, ila teremsha bei.

Diski za kutafuta: Capcom Classics Collection Reloaded ina Street Fighter II tatu na 1942, Metal Slug Anthology, na ya Pac-Man ni Namco Museum Battle Collection. Ukiwa na pesa ya Switch basi Switch, skrini yake ya urefu wa pikseli 720 yaingiza zile 288 za Pac-Man mara mbili bila kukata kitu, lakini kwa elfu nane hutaipata labda ya kuibiwa.

Na si kila tofauti ni nguvu ya mashine. Mortal Kombat 1993, Super Nintendo waligeuza damu ikawa jasho la kijivu, Mega Drive ya Sega waliiacha lakini mpaka ubonyeze kodi ya siri ABACABB. Hapo ni uoga wa wenye kampuni.

mwana_langoni (Lamu)
Shukran sana jamani. Nimemwona jamaa baada ya isha, betri haijavimba, R yashika. Nimemwambia elfu sita akanuna, tumefika saba. Diski zake ni mpira mbili na Metal Slug Anthology, hiyo ya Metal Slug asema si ya kuuza ilipachikwa kwenye tangazo kupendezesha tu.

malindi_kontra
Basi naye PSP yake abaki nayo ipendezeshe kabati. Mwambie sita na nusu na Metal Slug ndani, ama uende zako, usigeuke nyuma, atakuita kabla hujafika Mkunguni.