Naombeni ushauri: sukari yangu inapanda asubuhi wakati usiku kucha sijala kitu

KiuYaUsiku
Habari zenu wakuu. Hivi karibuni nimegundulika na kisukari aina ya pili. HbA1c, kile kipimo cha sukari ya muda mrefu, ilisoma 8.1%, daktari akanianzishia metformini asubuhi na jioni. Soda nimeacha, chai nakunywa bila sukari, chakula cha usiku nakula mapema. Kinachonichanganya ni hiki: kabla ya kulala napima napata 7.2 (mashine yangu inasoma kwa mmol/L), halafu naamka, hata maji sijatia mdomoni, mashine inasoma 8.9. Hiyo sukari inatoka wapi?

La pili, kila mtu ana lake. Mmoja anasema nitumie asali, mwingine wanga niache kabisa, mwingine nitupe dawa ninywe majani kwa sababu "dawa ukianza huachi". Mke wangu sasa anaogopa hata kunipikia. Anayeelewa anisaidie. Nataka kujua mwili wangu unafanya nini, orodha za marufuku ninazo za kutosha.

Muuguzi Mzoefu
Pole ndugu yangu, na umefanya vizuri kupima usiku na asubuhi, maana wengi hawafiki hapo.

Sukari hiyo inatoka kwenye ini lako. Ini lina akiba ya sukari na usiku linaitoa kidogo kidogo ili ubongo usikose nguvu ukiwa umelala. Kuelekea alfajiri, kotisoli na homoni nyingine zinapanda kukuandaa kuamka, na ini nalo linaongeza kasi. Mtu asiye na kisukari, kongosho lake linatoa zaidi insulini, homoni inayoingiza sukari kwenye seli, na namba haisogei. Kwako seli zimekuwa sugu kwa insulini na kongosho halimudu kufidia, ndiyo maana unaamka na 8.9 bila kula.

Sasa angalia dawa yako. Kazi kubwa ya metformini ni kulizuia ini lisitoe sukari kupita kiasi. Ukiiacha unywe majani, shida ya alfajiri unaiacha wazi kabisa. Kama inakuvuruga tumbo, imeze pamoja na chakula. Kwa wengi tumbo linatulia baada ya wiki chache, na zipo zinazoyeyuka taratibu, muulize daktari wako. Ukiitumia miaka mingi, omba upimwe pia vitamini B12, kwa sababu huwa inashuka.

KataWanga
Mkuu, tusizunguke. Mkate ukishameng'enywa unakuwa glukosi, wali hivyo hivyo, viazi hivyo hivyo. Mimi niliacha vyote, kilo zikashuka, daktari mwenyewe akaniondolea dawa. Kwa nini mtu ale kinachomuumiza?

Muuguzi Mzoefu
KataWanga, hongera, na kwamba wanga ndio unaopandisha sukari kuliko chakula kingine hatubishani. Ila wanaosoma hapa hawatumii dawa moja. Anayetumia insulini au vidonge vinavyolisukuma kongosho, kama glibenklamidi, akikata wanga ghafla bila kupunguziwa dozi anaweza kuanguka sukari ikiwa imeshuka sana. Aanze na daktari, dozi irekebishwe, ndipo akate.

Na kwenye simulizi yako mimi naziona zile kilo. Kuna utafiti wa Uingereza unaitwa DiRECT, matokeo yake ya mwaka mmoja yalitoka 2017. Waliohusika walikuwa na kisukari aina ya pili kisichozidi miaka 6 na hawakuwa wakitumia insulini. Katika kundi lililosaidiwa kupunguza uzito, 46% walifika HbA1c chini ya 6.5% bila dawa. Kwa waliopungua kilo 15 au zaidi ilikuwa 86%. Kwa hiyo "ukianza huachi" si kweli kwa kila mtu, lakini walisimamiwa na wahudumu wa afya, hawakujiachisha wenyewe nyumbani. KiuYaUsiku, kama una uzito wa ziada, hapo ndipo pa kuweka nguvu.

Mtembezi
Mkuu, mimi ni mgonjwa mwenzako, miaka mingi sasa. Kilichonisaidia kuliko ushauri wa watu ni kupima jozi: kabla ya kula, halafu saa mbili baada ya tonge la kwanza. Watu wazima wengi tunaambiwa tulenge 4.4 hadi 7.2 kabla ya kula na chini ya 10 baada ya kula, ila daktari wako anaweza kukupa lengo lako. Sahani ya wali mweupe mtupu inanipeleka 12. Wali nusu yake, na maharage na mboga za majani, sifiki 9. Nikianza na mboga na maharage, wali ukaja mwisho, inashuka tena kidogo. Wewe utapata namba zako, usiazime zangu.

Osha mikono kwa sabuni na uikaushe kabla ya kutoboa. Ukishika embe kisha ukapima bila kunawa, mashine itakutisha bure. Na toboa pembeni ya ncha ya kidole, katikati panauma.

Halafu tembea baada ya chakula, hata dakika kumi na tano. Misuli ikifanya kazi inavuta sukari bila kuingoja insulini.

MamaSahani
Mwambie mke wako asiogope, wala asikupikie chungu chako peke yako. Nusu ya sahani iwe mboga, robo samaki, mayai au maharage, robo wanga, na ikiwezekana nafaka isiyokobolewa. Hicho ni chakula cha nyumba nzima, na watoto watafaidika pia. Asali ni sukari, inapandisha namba kama kawaida. Matunda kula, ila yale mazima na kwa kiasi. Ukikamua juisi unaacha nyuzinyuzi kwenye chujio na unakunywa matunda manne kwa mara moja.

KiuYaUsiku
Ahsanteni sana, leo nimeelewa kuliko siku zote. Dada muuguzi, moja tu nimesahau. Kuna siku nilitetemeka na jasho likanitoka, nikahisi sukari imeshuka, kupima nikakuta 6.1. Mashine mbovu?

Muuguzi Mzoefu
Huenda mashine ni nzima kabisa. Mwili uliozoea sukari ya juu kwa muda mrefu unalalamika inaporudi kwenye kawaida, na wiki chache zijazo hali hiyo itapungua. Usikimbilie soda. Kula mlo wako kwa wakati, hiyo inatosha.

Kushuka kwenyewe ni chini ya 3.9. Hapo chukua gramu 15 za sukari, yaani vijiko vitatu vya chai vilivyojaa kwenye maji, subiri dakika 15, pima tena, na kama bado iko chini rudia. Kwa anayetumia metformini peke yake hilo ni nadra sana, kwa hiyo likikutokea mpigie daktari wako siku hiyo hiyo. HbA1c usirudie mapema, inasoma wastani wa kama miezi mitatu. Ila macho, miguu na mkojo kwa ajili ya figo, kama hujapimwa tangu ugundulike, uliza kwenye kliniki yako inayofuata.